Jiwe la Shinkolobwe na Askari wa Utumbo

Jina la Shinkolobwe, karibu na Likasi katika Katanga, watu hulijua kwa sababu ya bomu. Sisi leo twataka kulitaja kwa sababu ya tumbo.

Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp aliona huko mawe ya urani. Kampuni ya Union Minière ilianza kuchimba mwaka 1921, na mawe yakapelekwa Olen, Ubelgiji, ili kutolewa radiamu, dawa ya kansa yenye bei kubwa mno. Urani yenyewe haikuthaminiwa sana. Lakini mwaka 1940 mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka New York tani zipatazo 1,200 za mawe hayo, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, lililotupwa tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka Shinkolobwe.

Huko Hiroshima waganga waliona ajabu. Watu wasioungua hata kidogo walianza kutapika na kuhara damu. Daktari Michihiko Hachiya alidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, akataka wagonjwa hao watengwe. Baadaye, darubini ilipopatikana, damu yao ikapimwa: chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, zilikuwa zimepungua mno. Miali ya bomu ilikuwa imeharibu uboho wa mifupa, mahali zinapozaliwa, na pia ngozi laini ya ndani ya utumbo, ambayo hujifanya upya kila baada ya siku chache. Ukuta umebomoka, askari hawapo. Vijidudu vikaingia katika damu bila kuzuiwa.

Basi, kuna ugonjwa ulio kinyume cha huo. Askari wapo tele, nao hawataki kuacha vita. Utumbo wetu umejaa vijidudu visivyo na madhara, na kwa kawaida askari huvivumilia. Kwa watu wengine hawavivumilii. Hupigana miaka na miaka, na utumbo wenyewe ndio unaopata vidonda na kutoka damu. Mwaka 1932 Burrill Crohn na wenzake wawili wa New York walieleza namna moja ya ugonjwa huo.

Dawa yake ilitoka wapi? Katika miaka ya 1950 waganga waliotaka kupandikiza figo waliwapiga wagonjwa wao kwa miali ili kuwadhoofisha askari, wasiikatae figo ngeni. Miali iliua wengi. Wakatafuta dawa za kufanya kazi hiyo kwa upole zaidi, wakazipata, na mwaka 1962 daktari R. H. D. Bean wa Australia aliandika habari za kumpa moja ya dawa hizo mgonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Jamaa yake yatumika hata leo.

Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa mwaka 1960, ingawa wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti, na mwaka 2004 ulipoporomoka wanane walikufa.

Kosa la Hiroshima laweza kufanyika kwetu kwa kugeuzwa. Kuhara damu kwa nchi zetu mara nyingi ni amiba au vijidudu vingine. Mwenye amiba akipewa dawa ya kuwafunga askari wake, utumbo waweza kutoboka, naye akafa. Kwa hiyo mganga mwenye akili hupima choo kwanza.