Kinshasa na Jimbo: Nani Anaamua Nini?

 Mnauliza mara nyingi: mambo yetu yanaamuliwa na Kinshasa ao na jimbo? Inafaa turudi nyuma kidogo.

Inchi yetu ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960 ikiwa na majimbo 6. Siku 11 baadaye Katanga ikajitenga. Mwezi wa nane Kasai ya Kusini ikafuata. Katiba ya 1964, ile ya Luluabourg, ilipa majimbo mamlaka makubwa, lakini haikuishi. Mobutu akachukua utawala tarehe 24 Novemba 1965, akapunguza majimbo mpaka 8, bila kuhesabu mji wa Kinshasa. Gavana akawa mtu wa kutumwa na raisi. Alitazama juu, hakutazama raia.

Katiba ya 18 Februari 2006 ilirudisha neno kwa jimbo: gavana achaguliwe na wabunge wa jimbo. Mwaka 2015 majimbo 11 yakawa 26. Kifungu 175 kinasema 40 kwa mia ya mapato ya taifa ni ya majimbo, tena yabaki palepale yanapokusanywa. Katika matendo, feza zilipanda Kinshasa na jimbo likangoja. Gavana asiye na feza, utamdai barabara gani?

Sasa sikilizeni vizuri. Kifungu 202 kinasema uraia ni kazi ya serikali kuu peke yake. Basi gavana ao chifu hana ruhusa ya kukuambia "wewe si Mkongomani", akakufukuza. Kifungu 204 kinasema hati za viwanja na mashamba zinatolewa na kutunzwa na jimbo, kwa kufuata sheria ya inchi. Ukirudi ukakuta mwingine analima kwako, swali la hati peleka jimboni. Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya magavana wanajeshi. Vifungu hivyo havikufutwa.

Lakini tuseme kweli: mashamba mengi ya kijiji hayana hati. Mipaka yake iko kichwani mwa wazee na mkononi mwa chifu. Ninyi machifu, kifungu 207 kinawatambua, kisha kinawapa kazi: kujenga umoja wa taifa. Shamba la aliyekimbia risasi halikukosa mwenyewe. Kabla ya kumpa mtu mwingine, iteni majirani wa mpaka, andikeni majina, na karatasi hiyo muitunze mpaka mwenyewe arudi.