Maji, medi, meesi: ukoo wa neno moja Masasi na Newala

Uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania, hauna mito. Mvua ikinyesha, ardhi huinywa, na maji huibukia chini mabondeni. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala waliteremka miteremko mikali kuyafuata, wakapanda nayo kichwani, hadi miaka ya 1950 pampu zilipoanza kuyapandisha. Maji yalikuwa adimu, lakini jina lake ni la kale kuliko vijiji vyote vya uwandani.

Mmakonde husema medi, Myao meesi. Wamakhuwa wa Nampula, Msumbiji, ndugu wa Wamakua wa Masasi, husema maasi. Mganda ana amazzi, Mchewa madzi, Mzulu amanzi, na watu wa Lamu mai.

Mfanano huu si wa bahati: mwaka 1899 mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof alionyesha kwamba sauti za lugha za Kibantu zimebadilika kwa kanuni. Malcolm Guthrie wa London akakusanya ulinganisho mpana zaidi, uliochapishwa kati ya 1967 na 1971. Mzizi wa maji huandikwa, kwa tahajia rahisi, *-jiji. Nyota hiyo yaonya kuwa hakuna maandishi ya kale yenye neno hilo. Limejengwa upya kutokana na wajukuu wake. Waliolitamka kwanza wanadhaniwa kuishi mpakani mwa Nigeria na Kamerun, miaka 4000 hadi 5000 iliyopita.

Kusini yetu ina ushahidi wake. Kiambishi ma- ndicho kile cha mate, mafuta na machozi. Kilipokutana na irabu i ya mzizi, j ya mwanzo ikiwa imedondoka, Wamakonde na Wayao walipata e, kama vile Kiswahili kilivyopata meno kutoka ma-ino. Ukisikia maji pekee, hutaijua i hiyo iliyomezwa. Medi na meesi zinaifichua.

Wengine waliziandika lugha hizi kabla yetu. Askofu mmisionari Edward Steere alichapisha kitabu cha Kiyao mwaka 1871 na cha Kimakonde mwaka 1876, mwaka aliowapeleka Masasi watumwa walioachwa huru. Chauncy Maples, mmisionari wa Masasi, akafuata na cha Kimakua mwaka 1879.

Kazi hiyo ya kuziandika lugha zetu haijaisha. Watoto wengi wa Masasi na Newala sasa hukua na Kiswahili peke yake. Kiswahili kinatuunganisha, nacho hakipungukiwi kitu mtoto akijua pia medi au meesi. Bibi na babu wangalipo: tuwaulize, tuwarekodi, tuandike. Kila neno la nyumbani likipotea, historia ya Wabantu wote hupoteza shahidi.