Raketi vumilivu

Wachezaji wa tenisi wanaotumia Kiingereza huisifu raketi kwa neno lile lile wanalomsifia mtu mwepesi wa kusamehe. Wanamaanisha raketi ambayo, hata mpira ukiiangukia pembeni ya nyuzi, bado huuvusha wavu. Ukilitafsiri neno hilo lilivyo utapata "raketi samehevu". Mimi nasema tuiite raketi vumilivu, na sababu yangu imo katika namna raketi yenyewe inavyofanya kazi.

Mkulima wa Buhigwe, Kigoma, anaijua fizikia hii kwa viganja vyake. Jembe likigonga jiwe kwa pembe moja, mpini hujizungusha mkononi na kiganja hufa ganzi. Ndivyo ilivyo kwa raketi. Mpira ukitua kwenye kiini, yaani sehemu ya nyuzi iliyo karibu na katikati, hutoka kwa kasi na mkono hausikii mshtuko. Ukitua kando, uso wa raketi hugeuka, na mpira hutoka mnyonge, tena umepotoka njia.

Kinachozuia mgeuko huo ni uzito uliokaa mbali na mstari wa katikati, unaopita kutoka kwenye kishikio hadi kichwani. Umbali ndio wenye nguvu zaidi, maana katika hesabu hii uzito huzidishwa kwa kipeo cha pili cha umbali. Sogeza fremu nje kwa asilimia 20, gramu zikiwa zile zile, na ukinzani wake dhidi ya kugeuka utapanda kwa asilimia 44.

Aliyeigeuza hesabu hii kuwa bidhaa ni Howard Head, mhandisi Mmarekani aliyekwisha kupata jina kwa kutengeneza mbao za kutelezea thelujini. Alipoanza tenisi ukubwani hakuwa hodari, na raketi ilikuwa ikimzunguka mkononi. Alijaribu kwanza kuongeza uzito pande mbili za kichwa, haikumridhisha. Ndipo alipokipanua kichwa chenyewe. Raketi za mbao za wakati huo zilikuwa na uso wa inchi za mraba kama 65 hadi 70. Raketi yake ya mwaka 1976, iliyoitwa Prince, ilikuwa na 110. Mwaka 1978, Pam Shriver, msichana wa miaka 16, alifika fainali ya US Open akiwa nayo mkononi.

Sasa turudi kwenye neno. Kusamehe kwa Kiswahili ni kufuta. Deni likisamehewa halidaiwi tena, na kodi ikisamehewa hailipwi. Raketi haifuti chochote: aliyepiga pembeni bado hupoteza kasi, na shabaha yake bado huyumba, ila kwa kiasi kidogo. Kosa limebaki kosa, limepunguziwa gharama tu. Huko ndiko kuvumilia. Wapo watakaopendekeza "stahimilivu", lakini neno hilo mabwana shamba wamekwisha kulipa kazi yake. Mkulima anayesikia habari za mbegu stahimilivu kwa ukame akiambiwa raketi stahimilivu ataelewa raketi isiyovunjika, na atakuwa na haki. "Vumilivu" halina mzigo huo, tena linanyumbulika vizuri: tunapima uvumilivu wa raketi, na tunasema hii inavumilia kuliko ile.

Kwa nyanda za juu za Kigoma kuna jambo la kuongeza. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinaruhusu mipira ya aina maalumu kwenye viwanja vilivyo juu ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa nyepesi haiuzuii mpira sana. Vilima vya Manyovu viko juu ya kiwango hicho. Huko raketi ya kichwa kikubwa, ambayo kwa kawaida hutoa mpira kwa nguvu, inaweza kuuvusha mstari wa nyuma mara kwa mara, na mchezaji akadhani mkono wake ndio mbaya. Dawa si kurudi kwenye kichwa kidogo. Kaza nyuzi kidogo zaidi, kilo moja hivi, uendelee kufaidi uvumilivu.

Ukienda kununua, iwe dukani au kwenye mitumba, soma namba zilizoandikwa kwenye fremu. Kwa mtu mzima anayeanza, tafuta uso wa inchi za mraba 100 hadi 110, sawa na sentimita za mraba 645 hadi 710. Angalia pia gramu, na hapo usimsikilize anayekuambia nyepesi kuliko zote ndiyo rahisi kuliko zote. Raketi nyepesi mno hubebeka vizuri dukani, kisha uwanjani hugeuka kwa kila mpigo wa pembeni na kukiumiza kiwiko. Gramu 270 hadi 300 kabla ya nyuzi zinawatosha wengi. Mtoto mpe ndogo inayolingana na kimo chake, wala usimnunulie ya kukulia.