Nukta za Dukuduku na Historia ya Mdokezo katika Ushairi wa Kiswahili

Aghalabu wahakiki huufafanua mdokezo kwa alama yake: nukta tatu zinazowekwa pale kauli inapokatizwa. Ufafanuzi huu unaifaa riwaya au tamthilia iliyopigwa chapa kwa hati za Kirumi. Kwa ushairi wa kale unapotosha, kwa kuwa mbinu iliitangulia alama.

Asili ya mbinu hii ni mazungumzo. Msemaji akitamka "Asiyesikia la mkuu" kisha akanyamaza, msikilizaji huimalizia methali moyoni, na onyo humchoma zaidi kwa kuwa amejitolea mwenyewe. Katika balagha ya Kiarabu, al-Jurjani alikwisha kueleza katika karne ya 11 kwamba kuacha kutaja huweza kuwa fasaha kuliko kutaja.

Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulihifadhiwa kwa hati za Kiarabu. Katika hati hizo nukta ni sehemu ya herufi. Ndiyo inayotenga ba na ta. Kikomo cha kipande kilijulikana kwa kina na mizani. Kwa hivyo, mshairi aliyekusudia kunyamaza aliweza kuficha maana bila kupunguza silabi. Mshororo pungufu ulihesabiwa guni, haukuwa mdokezo.

Upigaji chapa ulileta utata. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Tungo zake zilikusanywa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua mwishoni mwa karne ya 19, na diwani ikachapishwa na W. Hichens mwaka 1940. Katika safari ndefu kama hiyo, maneno huweza kusahauliwa au karatasi kuliwa na mchwa. Mhariri akijaza pengo kwa nukta, msomaji asiyetahadhari atamsifu mtunzi kwa kazi ya mchwa.

Kipimo cha kwanza, basi, ni mizani: ukimya wa mtunzi huitimiza, upotevu huivunja. Kipimo hiki kina mipaka. Hakiwezi kufichua ubeti mzima uliopotea, wala hakina nguvu juu ya mashairi huru, kama yale ya Kichomi (1974) ya Kezilahabi. Hata hivyo, kinamlazimu mhakiki wa tungo za kale aulize, kabla ya kufasiri ukimya wowote, ni nani aliyenyamaza.