Nani Atapiga Hodi? Cape Town na Maradhi Matatu

Wale tuliokuwa Mombasa au Nairobi Ramadhan ya 2020 hatujaisahau. Tarehe 6 Mei, mfungo haujafika nusu, serikali ilitangaza kuufunga Mji wa Kale na Eastleigh kwa sababu ya korona: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Misikiti ilikuwa imeshafungwa. Majumbani watu wakawa wanaulizana: je, yule bibi wa chumba cha nyuma anayeishi peke yake, nani atamfuturisha?

Swali hilo si geni. Waislamu wa Cape Town, kule Afrika Kusini, wameulizwa mara tatu, na mara ya kwanza, tuseme ukweli, halikujibiwa vizuri na upande wowote.

Mwaka 1882 ndui iliingia mji ule. Waislamu wake, wengi wao wakiwa wajukuu wa watumwa na wafungwa walioletwa na Waholanzi kutoka Indonesia na India, waliwauguza wagonjwa wao nyumbani. Wakubwa wa afya walitaka wagonjwa watengwe. Wao wakasema kumzuru mgonjwa na kumwosha maiti ni wajibu wa dini, na hawatoi mtu wao. Mimi hapo nasita. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitukataza kuingia katika nchi yenye tauni au kuitoroka, kwa hivyo kujitenga si jambo la kuazima kwa wageni. Lakini serikali nayo haikuja kwa mazungumzo, ilikuja na amri. Mwaka 1883 ikatunga sheria ya afya, na Januari 1886 ikafunga makaburi ya mjini, Tana Baru mojawapo. Siku mbili baadaye Waislamu wapatao 3,000 walibeba jeneza la mtoto mdogo, wakaenda kumzika palepale palipokatazwa. Kiongozi wao, Abdol Burns, mwendesha gari la farasi, alitiwa jela. Sasa niambie, baada ya hayo, ofisa wa afya akija kubisha hodi nani atamfungulia?

Miaka 32 baadaye jibu lilihitajika kwa haraka. Septemba 1918 meli mbili, Jaroslav na Veronej, zilitia nanga Cape Town zikiwa na Waafrika waliotoka kufanya kazi katika vita vya Ulaya. Njiani zilikuwa zimepitia Freetown, Sierra Leone, ambako homa ya mafua iliyoitwa ya Kihispania ilikuwa imetapakaa. Wagonjwa walipelekwa hospitali, wengine wakawekwa kambini siku chache, kisha wakaruhusiwa kurudi makwao. Mwezi uliofuata wenyeji wanauita mpaka leo Oktoba Nyeusi. Maduka yalifungwa, shule zikafungwa, majeneza yakaisha, watu wakazikwa na mablanketi. Wanahistoria wanakadiria kwamba Afrika Kusini nzima ilipoteza watu karibu 300,000, wengi wao katika wiki sita hivi.

Haikuwa rahisi kumfikia mgonjwa. Homa hii iliwaangusha zaidi vijana wenye nguvu, yaani baba na mama kwa pamoja, na watoto wakabaki bila wa kuwapa maji. Mtu wa namna hiyo hawezi kuja kituoni kupanga foleni. Basi mji ukagawanywa mitaa, kila mtaa na kituo chake cha dawa na supu, na watu wa kujitolea wakaingia nyumba hadi nyumba. Mtaa wa District Six, uliosongamana Waislamu na Wakristo, uliumia vibaya. Kuna milango waliyoifungua wakakuta walio hai wamelala na maiti chumba kimoja. Kilichowasaidia wagonjwa ni kwamba kuna mtu alikumbuka kuwa nyumba fulani haijafunguliwa dirisha tangu jana. Idara ya afya ya taifa? Ilianzishwa 1919, watu wameshazikwa.

District Six yenyewe haipo tena kama ilivyokuwa. Mwaka 1966 serikali ya ubaguzi ilitangaza kuwa ni ya wazungu, watu wakahamishwa kwa nguvu hadi tambarare za mchanga za Cape Flats. Kwa hivyo korona ilipofika Machi 2020, tajiri na fukara walikuwa wanaishi mbali mbali, kila mmoja hajui mlango wa mwenzake. Ndipo wakazi wakaunda vikundi vya mitaa chini ya jina Cape Town Together, wakipangana kwa simu. Mtaa wenye pesa uliunganishwa na mtaa wenye njaa: Sea Point, ufukweni kwa matajiri, ukashikana na Gugulethu. Kina mama wa Cape Flats wakageuza majiko yao kuwa vituo vya chakula.

Kupikia wengi hakukuwa kitu kipya huko. Kikundi cha Nakhlistan kimekuwa kikipika akhni, pilau yao, kila mkesha wa Idd tangu 1984 kwa ajili ya maskini. Na kila Ramadhan, kabla ya magharibi, watoto wa Bo-Kaap hupita na sahani zilizofunikwa wakiwapelekea majirani vitafunio, kama vile sisi tunavyopelekeana futari. Mwaka ule watoto walizuiwa ndani. Sahani zikawa zinaachwa kizingitini, unabisha hodi, unarudi nyuma hatua kadhaa, na unasubiri mpaka uone mlango umefunguliwa.