Behewa la Ryall na Nyumba ya Karen

Familia nyingi za Nairobi zikitaka kuwaonyesha watoto mji wao ulikotoka, huanzia Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971 karibu na stesheni kuu. Reli ilifika hapa Mei 1899, mji ukaota ubavuni mwake. Watoto hawaulizi tarehe. Wanataka behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima, mwaka 1900. Alikuwa amekesha humo akimvizia simba huyohuyo, usingizi ukamwiba. Mnyama akaingia, akatoka naye dirishani.

Kisha ni Barabara ya Ngong hadi mtaa wa Karen.

Nyumba ya mawe iliyojengwa 1912 ilikaliwa na Mdenmarki Karen Blixen hadi 1931, kilimo cha kahawa kilipomshinda. Shamba lake lilikuwa kwenye mwinuko wa juu mno kwa zao hilo. Alipokuja, melini alifanya urafiki na Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye mwaka huohuo wa 1914 alianza kupigana na Waingereza kutoka Tanzania ya leo. Haishangazi walowezi wenzake walimtilia shaka. Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo wakati wa uhuru, lakini ni filamu ya Hollywood ya 1985 kuhusu maisha yake iliyoamsha hamu ya wageni. Mwaka uliofuata makumbusho yakafunguliwa.