Bweranyange: Mizani ya Usalama wa Makazi

Mtu anayetafuta kiwanja cha kujenga, au chumba cha kupanga katika mji asioujua, huuliza habari nyingi: maji yako wapi, soko liko umbali gani, kodi ni kiasi gani. Lakini chini ya maswali hayo yote limelala swali moja, nalo ni hili: je, hapa nitalala usingizi? Wako wanaodhani kwamba swali hilo limezaliwa na miji ya siku hizi, yenye taa, magari na wezi wa usiku. Sivyo. Wazee wetu walilijua, wakalipima kwa mizani yao, na mara nyingine wakakosea. Katika insha hii tutazitazama habari za Bweranyange, mji wa kifalme wa Karagwe, ili tuone ni mambo gani yaliyoyafanya makazi hayo kuwa salama, na ni mambo gani yaliyouondoa usalama huo.

Bweranyange iko katika Mkoa wa Kagera, katika nchi ya Wanyambo, ambayo tangu mwaka 2012 imegawanywa kuwa Wilaya ya Karagwe na Wilaya ya Kyerwa. Ndani ya jina la mahali hapo limo neno enyange, yaani yangeyange, yule ndege mweupe afuataye ng'ombe malishoni. Masimulizi ya wenyeji yasema kwamba hapo kale Ruhinda alimwondoa Nono wa ukoo wa Abasiita katika utawala, na kutokana naye ukatoka ukoo wa Abahinda, waliotawala Karagwe kwa karne nyingi. Katika karne ya 19, zama za Mukama Ndagara na mwanawe Rumanyika, makao ya mfalme yalikuwa Bweranyange.

Natuanze na mahali penyewe. Makao ya mfalme yalijengwa juu ya kilima, na chini yake palikuwa na ziwa. Wapelelezi John Hanning Speke na James Augustus Grant walipofika huko mwezi wa Novemba 1861, walilipenda ziwa hilo hata wakaliita Windermere, kwa kulifananisha na ziwa la huko Uingereza. Mtu aliyesimama juu ya vilima vya Karagwe aliweza kuona mbali sana. Siku ya anga safi Speke aliviona hata vilele vya Mfumbiro, milima ijulikanayo leo kwa jina la Virunga. Faida ya mahali kama hapo haihitaji maelezo marefu. Ajaye huonekana kabla hajafika. Nyasi za mlimani hulisha ng'ombe, bondeni hapakosi maji, na mlinzi mmoja mwenye macho mazuri hufanya kazi ya walinzi kumi.

Lakini tusiharakishe kusema kwamba kilima ndicho kilichokuwa ngome. Palikuwa na makazi mengine karibu na hapo, yaliyochaguliwa kwa namna iliyo kinyume kabisa. Hayo ni Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu waliofuata pembe za ndovu. Henry Morton Stanley, aliyefika Karagwe mwaka 1876, aliikuta Kafuro ndani ya bonde refu, kwenye chemchemi ya kijito, akakadiria kuwa iko futi 1,200 hivi chini ya vilele vya milima iliyoizunguka. Humo alimkuta Hamed Ibrahim, tajiri mwenye nyumba nzuri, ng'ombe, watumwa na pembe za ndovu. Kwa jicho la askari, bonde hilo ni mtego, kwa kuwa adui akikaa juu, aliye chini hana pa kukimbilia. Je, tajiri huyo hakuliona jambo hilo? Bila shaka aliliona. Ila yeye hakuupima usalama wake kwa urefu wa mlima. Aliupima kwa neno la Mukama. Maadamu Rumanyika alimtaka akae, bonde lilikuwa salama. Na kama Mukama angebadili nia, hata kilele cha mlima kisingemwokoa.

Hapo twaikuta mizani ya kwanza ya kweli, nayo ni wale unaoishi nao. Wasafiri wa zama hizo waliijua mizani hiyo vizuri. Msafara wa Speke na Grant ulipopita Usui, kusini ya Karagwe, ulitozwa hongo mara kwa mara na watu wa mtawala Suwarora, hata mali ikapungua na moyo ukachoka. Walipovuka mpaka na kuingia Karagwe, mambo yalibadilika. Rumanyika alikuwa ameagiza kwamba wageni wapewe chakula njiani bila ya malipo. Vilima havikubadilika kwa ghafla pale mpakani, wala mvua haikuwa nyingine. Kilichobadilika ni desturi ya watawala, na nguvu ya amri yao kufika mpaka kijiji cha mwisho.

Ushahidi mwingine ni Grant mwenyewe. Mwezi wa Januari 1862 Speke aliondoka kwenda Buganda, akamwacha mwenzake Karagwe akiwa na mguu mgonjwa, hawezi kutembea. Grant alikaa huko miezi mitatu hivi, mgeni asiye na nguvu, mwenye bidhaa ambazo mtu yeyote angeweza kuzitamani, na mwezi wa Aprili akaondoka akiwa hai. Mtu akitaka kujua kama mtaa una usalama, asiangalie jinsi mwenye nguvu anavyopita; aangalie jinsi mgonjwa anavyolala.

Hata hivyo, haifai kuipamba historia. Kikulacho ki nguoni mwako. Mukama Ndagara alipofariki, hatari haikupanda kutoka bondeni wala haikuvuka mto Kagera kutoka nchi za jirani. Ilizuka nyumbani. Rumanyika na ndugu yake Rogero waligombea kiti, na ugomvi huo ukawa vita. Rumanyika alishinda kwa msaada wa watu wa nje, mmoja wao akiwa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyekuwa na makao yake Tabora. Naye Rumanyika alipofariki, mwishoni mwa miaka ya 1870, damu ya ndugu ilimwagika tena. Kilima kile kile kilichomwonyesha mlinzi adui aliye umbali wa siku nzima hakikuweza kumwonyesha adui aliyeketi naye chunguni.

Tena yatupasa kuuliza: usalama huo ulikuwa wa nani? Mukama alikuwa na walinzi. Tajiri wa Kafuro alikuwa na kibali cha Mukama. Je, mkulima wa migomba aliyekaa mtelemkoni, aliyetoa ndizi na pombe kwa ajili ya wakubwa? Je, mtumwa wa Kafuro, ambaye hakuchagua bonde wala kilima? Kwa watu hao, ukaribu wa ikulu ulikuwa kinga na mzigo kwa pamoja. Wakuu walipopatana, mkulima alilima kwa amani. Walipogombana, shamba lake ndilo lililokanyagwa. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi za Bweranyange zilikuwa karibu mno na tembo.

Iko mizani ya pili, ambayo pengine watu hawakuijua mpaka ilipovunjika. Hiyo ni ng'ombe. Stanley alionyeshwa hazina ya Rumanyika, na humo aliona sanamu za bata na za ng'ombe zilizotengenezwa kwa shaba. Si ajabu mfalme kuweka mfano wa ng'ombe katika hazina yake, maana ng'ombe walikuwa utajiri, mahari na heshima. Lakini walikuwa pia walinzi wasiosema. Kwa kula majani, na kwa wachungaji kuchoma nyasi kila mwaka, vichaka vilizuiwa, na mbung'o wakakosa kivuli cha kukaa. Mnamo miaka ya 1890 na 1891 sotoka iliingia katika nchi za maziwa makuu, ikafyeka ng'ombe kwa wingi usiowahi kuonekana. Malisho yaliyobaki bila ya mifugo yalianza kuota vichaka. Vichaka vikaleta mbung'o. Na mbung'o wakaleta nagana kwa wanyama, na tishio la malale kwa watu. John Ford na R. de Z. Hall, walioandika historia ya Karagwe mwaka 1947, walionyesha jinsi mabadiliko hayo ya ng'ombe, vichaka na mbung'o yalivyofungamana na habari za makazi ya watu.

Basi hapakuwa na jeshi lililouteka usalama wa nchi hiyo. Kilima kilibaki pale pale, ziwa likabaki pale pale, na macho ya mlinzi yakaendelea kuona mbali. Ila hatari mpya ilikuwa ndogo kama inzi, nayo haikujali urefu wa mlima. Utawala wa Wajerumani ulifika wakati nchi imekwisha kudhoofika, ukafuatwa na wa Waingereza, na mwaka 1963, baada ya Uhuru, utawala wa machifu ulifutwa katika Tanganyika yote. Leo makao makuu ya Wilaya ya Karagwe yako Kayanga, na Bweranyange imebaki kuwa mahali pa kumbukumbu.

Wanafunzi wengi wa shule zetu watakwenda kuishi Bukoba, Mwanza au Dar es Salaam. Watachagua mtaa, na watashawishika kuupima kwa vitu vinavyoonekana: ukuta mrefu, geti la chuma, taa ya barabarani. Vitu hivyo vina faida yake, kama kilima kilivyokuwa na faida yake. Lakini mwenye kuikumbuka Bweranyange atauliza zaidi. Atauliza jirani huitikiaje yowe la usiku. Atauliza mgeni na mgonjwa hutendewaje hapo, na kama balozi wa mtaa anawajua watu wake. Atauliza maji machafu huelekea wapi mvua inaponyesha, maana kipindupindu, kama mbung'o, hakibishi hodi getini. Tena atauliza tena mwaka ujao, kwa sababu mahali palipokuwa salama jana paweza kugeuka kimyakimya.

Mwisho atajiuliza swali lililo gumu kuliko yote: je, mimi mwenyewe nitakuwa jirani wa namna gani? Wageni walilala Karagwe bila ya hofu kwa sababu palikuwa na watu walioamua kuwapokea. Na ndugu waliuawa huko huko kwa sababu palikuwa na watu walioacha kupatana. Kilima kilikuwa kimoja katika siku zote mbili.